Togwa ya Mwenyekiti Kiboko

Hadithi imefika, jamani.

— Iingie, tuisikilize.

Imekuja mikono mitupu?

— Imekuja na mdomo wake.

Mwepesi wa kuamini?

— Akae nyuma.

Mwenye shaka?

— Asogee mbele, mkeka upo.

Haya, sogeeni basi.

Hapo kale, wanyama walipochoka kukimbizana porini wakaamua kusoma, palikuwa na chuo kando ya mto. Chuo kilikuwa na hosteli, kilikuwa na ukumbi, kilikuwa na vimbwete vya saruji ambako wanafunzi waliketi kusoma na kusengenyana. Na katika chuo hicho alikuwapo Nguchiro, msichana mfupi wa mwili, mrefu wa shaka. Nguchiro hakukaa mahali kabla hajasimama kwa miguu miwili, akatazama kulia, akatazama kushoto, akanusa. Nf, nf, nf. Ukimwambia habari za asubuhi, alijiuliza unataka nini na asubuhi yake.

Msimcheke. Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia walipewa kazi ya kundi. Nguchiro akaianza kazi, Nguchiro akaimaliza kazi, na siku ya kuiwasilisha mwenyekiti wa kundi, Nyani, akasimama akasema, "Mwalimu, huyu sisi hatukumwona." Basi. Neno moja la mwenyekiti, na Nguchiro akafeli somo. Sasa alikuwa akilirudia, na sheria ya chuo ilikuwa wazi: anayefeli somo hilohilo tena anafungasha virago anarudi shimoni kwao.

Somo lenyewe liliitwa Ujasiriamali. Mwalimu wake alikuwa Mbuni, mwenye shingo ndefu na miwani, ambaye kwa mbali aliona kila kitu na kwa karibu hakuona chochote.

"Mwaka huu hakuna mtihani wa karatasi," akasema Mwalimu Mbuni. "Kila kundi lianzishe biashara ndogo. Biashara ya kweli, ya kuuza na kununua. Siku ya maonyesho nataka kuona bidhaa, nataka kuona wateja, nataka kuona faida. Kundi lisilo na faida limefeli."

Nguchiro akasimama kwa miguu miwili. "Samahani mwalimu. Na utajuaje nani alifanya nini?"

"Mwenyekiti wa kundi ataniambia."

Nguchiro akakaa. 

Makundi yakapangwa. Nguchiro akawekwa na Kanga, yule ndege mwenye madoa, mpole, anayekubali kila kitu mara tatu. Na wote wawili wakawekwa na Kiboko. Kiboko alikuwa mwanafunzi mkubwa kuliko wote. Kimbwete cha watu wengi alikikalia peke yake, na bado sehemu yake nyingine ilikuwa nje.

"Wadogo zangu," akasema Kiboko kwa sauti laini kama maji yaliyotuama, "mimi sitaki mchoke. Uenyekiti ni mzigo, acheni niubebe mimi. Ninyi shikeni hivi vikazi vidogo vidogo vya kupika na kuuza."

"Ahsante, kaka Kiboko," akasema Kanga. "Kheri umejitolea. Kheri, kheri, kheri."

Nguchiro akanusa. Nf, nf, nf. Akawaza: huyu ana lake jambo.

Wafanye biashara gani? Kiboko akapendekeza kuuza matope, kwa kuwa hajawahi kuona mtu asiyependa matope. Kanga akapendekeza chochote ambacho wenzake watapendekeza. Nguchiro akasema, "Tuuze togwa. Siku ya maonyesho jua litawaka, wageni watakuwa na kiu, na hapa chuoni hakuna cha kunywa ila maji ya mto, ambayo kaka Kiboko ameshayaoga."

Nyumbani kwa kina Nguchiro togwa ilipikwa kila harusi, akaijua kama anavyojua mkia wake. Unapika uji wa mahindi. Unauacha upoe mpaka ukitia kidole hakikatai. Ndipo unatia kimea, yaani ulezi uliooteshwa ukakaushwa ukasagwa. Unafunika kidogo, unauacha ulale. Asubuhi uji mzito umekuwa kinywaji chepesi, kitamu, chenye uhai wake.

Kanga akaenda mashambani kuokota ulezi. Punje nyingine kapuni, nyingine kooni, nyingine kapuni, nyingine kooni, lakini kapu likajaa. Nguchiro akauloweka, akauotesha, akausaga, bakuli likajaa na mwingine ukabaki kinuni. Mahindi akatwanga yeye, moto akakoka yeye, uji akakoroga yeye. Kiboko alilala majini, pua nje, akisimamia.

Uji ulipoiva Kiboko akatoka mtoni. Chwaa, chwaa, chwaa. "Tia hicho kimea tuondoke."

"Bado, mwenyekiti," akasema Nguchiro. "Uji ni wa moto. Ukitia sasa kimea kitakufa, tutabaki na uji. Tuusubiri upoe."

Masikio ya Kiboko yakazunguka. Pru, pru. Yalikuwa masikio madogo kwenye kichwa kikubwa, na yalikuwa hayajui kunyamaza.

"Tusubiri," akasema Kiboko. "Mimi nikalale, nyie msubiri hapa na sufuria. Si ndiyo? Nikirudi nikute nusu."

"Kaka, nani atakunywa uji unaochemka?"

"Ndiyo maana unataka upoe."

Nguchiro akabisha. Akatoa hoja, akatoa mfano, akauliza maswali yasiyojibika. Alibishana vizuri kuliko mwanafunzi yeyote wa chuo kile, na Kiboko alipochoka kusikiliza akalichukua bakuli la kimea kwa mdomo akalimwaga lote kwenye uji unaotokota. Tokota, tokota, pwaa.

Asubuhi uji ulikuwa uleule. Mzito, mweupe, haukuwa na utamu wowote. Kiboko akaonja, akatema.

"Mmeniharibia biashara," akasema. "Haya, hili libovu ni fungu lenu, wewe na mwenzio. Chukueni na sufuria yake. Mtakachopika leo ni changu, na sitoki hapa jikoni."

"Fungu letu?" akauliza Nguchiro, amesimama kwa miguu miwili. "Mwenyekiti, umesema ni letu, na Kanga amesikia?"

"Nimesema ni lenu. Mlibandike usoni mkitaka."

"Amesema," akasema Kanga. "Amesema, amesema."

Nguchiro akaifunika ile sufuria ya uji mzito akaisogeza kivulini. Alikuwa akiwaza, na alichokiwaza ni yale masikio. Alikuwa amesema kweli tupu, na masikio yakazunguka. Alibishana kwa haki, na masikio yakazunguka zaidi. Huyu bwana, akawaza Nguchiro, hashindwi kusikia. Anasikia vizuri sana. Akisikia kulia anakwenda kushoto.

Basi akajaribu.

"Mwenyekiti," akasema, "leo tunahitaji maji mengi. Wewe pumzika, nitachota mwenyewe."

Pru, pru. Kiboko akamtazama. Maji ya mtoni, akawaza bila shaka, na mtoni ni kwangu. Huyu anatafuta nini kwangu? "Maji nachota mimi," akasema. Akachota. Chwaa, chwaa, akajaza kila chombo.

"Ahsante. Kuni sasa. Usijisumbue, kaka, mimi na Kanga tutaburuta moja moja."

Pru, pru. "Kuni naleta mimi." Akaleta mti mzima, na mizizi yake.

"Kukoroga ni kazi ya kuchosha mkono, mwenyekiti. Niachie."

Pru, pru. Kiboko akanyakua mwiko. Akakoroga mpaka jasho jekundu likamtoka, na jicho moja halikumwacha Nguchiro. Kanga alimvuta Nguchiro pembeni, shingo imemsimama.

"Dada, umemfanyia dawa?"

"Nimemwambia ukweli."

"Tu?"

"Tu."

Ukabaki uji kupoa. Hapo Nguchiro akapiga mwayo akasema, "Mwenyekiti, kama una haraka tia kimea sasa hivi, twende zetu. Ila leo asubuhi tuliona kilichotokea." Kiboko akaangalia uji, akamwangalia Nguchiro, akaangalia uji. Akakaa chini. Akakaa mpaka ukapoa kabisa, akatia kimea mwenyewe, akafunika mwenyewe. Nguchiro na Kanga wakaruhusiwa kwenda zao, na wao wakaenda na sufuria yao mbovu. Wakaipasha moto polepole, wakaiacha ipoe, wakaikorogea kimea kipya kilichokuwa kimebaki kwenye kinu. Uji ule haukuwa na ubaya wowote, jamani. Kilichouawa kilikuwa kimea, si uji wenyewe.

Kulipokucha, togwa ya Kiboko ilikuwa tamu. Kiboko akaonja kata moja, akaonja kata nyingine, akaendelea kuonja mpaka Kanga akaanza kufumba macho kila kata ilipopanda. Iliyobaki wakaitia kwenye vibuyu, vibuyu vikapangwa, na harufu yake ikafika hosteli.

Kanga alikuja mbio mchana wake. Alikuwa amekwenda mtoni kunywa maji.

"Dada Nguchiro, nimemsikia. Anafanya mazoezi ya kuongea, peke yake, majini. Anasema, 'Mwalimu, biashara hii nimeifanya mwenyewe. Hawa wawili walikuja kunusa.' Halafu anacheka, halafu anaanza upya. Dada, tumekwisha. Tumekwisha, tumekwisha."

Nguchiro akasimama kwa miguu miwili, lakini safari hii hakunusa. Alikiona chumba chake cha hosteli kikiwa kitupu. Alijiona njiani na furushi lake, na shangazi zake mlangoni wakimpokea kwa huruma, ile huruma yenye kicheko ndani. Mwaka mwingine, mwenyekiti mwingine, sentensi ileile. Alitamani kwenda mtoni amng'ate Kiboko pua.

"Nenda kamshtaki kwa Mwalimu Mbuni," akasema Kanga.

"Atasema nini Mwalimu Mbuni?"

Kanga akafikiri. "Atasema tumuulize mwenyekiti."

"Haya. Twende tukamuulize mwenyekiti."

Walimkuta Kiboko akivipitia vibuyu kwa macho, akihesabu kwa kunong'ona.

"Shikamoo mwenyekiti," akasema Nguchiro. "Tumekuja kwa jambo dogo. Togwa hii ina uhai, inapumua. Ukiiziba kabisa itakasirika. Tunaomba vibuyu uviache midomo wazi, viwekwe kivulini, na mimi na Kanga tutavilinda mpaka kesho."

Masikio ya Kiboko hayakuwahi kuzunguka vile. Pru, pru, pru, pru.

"Midomo wazi," akasema.

"Wazi kidogo."

"Kivulini. Kusikoonekana."

"Kwenye ubaridi, kaka."

"Na mlinzi uwe wewe." Kiboko akacheka, meno yote nje. "Mdogo wangu, mimi unanionaje? Unanionaje kabisa?"

"Nakuona mwenyekiti wangu."

Kiboko akatafuta nta ya nyuki. Akaziba kila kibuyu kwa nta, juu ya nta akabandika udongo, juu ya udongo akafunga kamba ya mgomba, akaikaza kwa meno. Kisha akavipanga juani, kwenye jiwe jeupe lililo mbele ya maji yake, avione vyote kwa jicho moja huku lingine limelala. Nguchiro akamwambia mara ya mwisho, "Mwenyekiti, nakusihi, angalau vitoe juani." Kiboko akavisogeza palipokuwa na jua zaidi.

Njia nzima kurudi Kanga alikuwa akigeuka kulitazama lile jiwe. "Kumbe kweli vitakasirika?"

"Kweli kabisa."

"Na umemwambia."

"Mbele yako. Nimemsihi."

Siku ya maonyesho jua liliwaka kama lilivyoagizwa. Swala walikuwa wakiuza kachumbari, Tumbili wanasuka nywele, Ngiri kundi lake limekuja na matope na hakuna aliyenunua. Mwalimu Mbuni akapita meza hadi meza, na nyuma yake wageni wakipepeana, ulimi nje. Mwisho akafika kwenye meza ya Kiboko. Vibuyu vilikuwa vimepangwa kwa safu, vimenona, na ukivisogelea ulisikia ndani yake sauti ndogo. Sssss.

Nguchiro akasogea, akanong'ona ili mwenyekiti asikie. "Kaka, tafadhali usisahau kumwambia mwalimu kwamba tulifanya wote."

Pru, pru.

"Mwalimu," akasema Kiboko kwa sauti iliyofika hosteli, "biashara hii nimeifanya peke yangu. Maji nimechota mimi. Kuni nimeleta mimi. Nimekoroga mimi, nimetia kimea mimi, nimeziba mimi kwa nta na udongo na kamba. Hawa wawili walikuja kunusa."

"Peke yako?" akauliza Mwalimu Mbuni, akishusha shingo.

"Peke yangu."

"Mwalimu, naomba umuulize tena," akasema Nguchiro. "Nisije nikawa nimesikia ninachokiogopa."

"Kiboko, biashara hii ina mwenyewe mmoja tu?"

"Mmoja tu. Huyu unayemwona."

"Basi, mwalimu, sisi wawili hatuna kundi," akasema Nguchiro, na sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayefunga hoja yake ukumbini. "Tunaomba tuhesabiwe kundi jingine. Bidhaa tunayo. Ni fungu alilotupa mwenyekiti, na shahidi yupo."

"Yupo," akasema Kanga. "Yupo, yupo."

"Ni libovu hilo," akasema Kiboko, "nililitema."

Mwalimu Mbuni alikuwa na kiu, na mwenye kiu hapendi kesi. "Sawa, kundi jingine. Nitawafikia. Kiboko, nionjeshe."

Kiboko akachukua kibuyu, akavuta kamba kwa meno. Kamba haikulegea, mwenyewe alikuwa ameikaza. Akasugua udongo. Udongo ulikuwa umekauka kama tofali. Sssss, ikasema togwa.

"Labda imetuama," akasema Mwalimu Mbuni, akiinamisha shingo karibu zaidi, kwa kuwa kwa karibu haoni. "Togwa huwa inatikiswa kwanza."

"Mwenyekiti," akasema Nguchiro, akirudi nyuma hatua kwa hatua na Kanga amemshika kwa ubawa, "usitikise."

Masikio yakazunguka. Kiboko akakishika kibuyu kwa mdomo mzima, akakitikisa kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Chuku, chuku, chuku, chuku.

Pu.

Cha kwanza kilipasuka ndani ya mdomo wake, na togwa ikamtokea puani. Cha pili kikapasuka kwa kumwonea wivu cha kwanza. Pu. Kisha safu nzima, pu, pu, pu, pu, vipande vya buyu vinaruka, nta inaruka, udongo unaruka. Moshi mtamu ulipotulia, Mwalimu Mbuni alikuwa amesimama palepale na manyoya yamelowa chapachapa, miwani imejaa uji, nzi wa chuo kizima wakija kumsalimia.

Hakuna aliyecheka. Walisubiri mwalimu aondoke kwanza, na mwalimu hakuondoka.

"Mwalimu," akasema Kiboko, akipenga, "kusema kweli tulifanya wote watatu."

"Mwenyekiti, usijishushe," akasema Nguchiro.

"Waulize. Kimea alisaga huyu. Ulezi aliokota yule."

"Kaka, sisi tulikuja kunusa tu."

Mwalimu Mbuni akafuta miwani kwa ubawa, ikazidi kuchafuka. "Kiboko, nimekuuliza na kukuuliza tena. Bidhaa hakuna, mteja hakuna, faida hakuna. Na mwenyewe ni mmoja."

Chini ya kivuli cha ukumbi palikuwa na sufuria moja kuukuu, imefunikwa kwa jani, mdomo wazi kidogo, inapumua taratibu. Wageni walikuwa na kiu tangu asubuhi, na sasa walikuwa na kiu na wamerushiwa togwa mdomoni kiasi cha kuujua utamu wake. Wakapanga foleni. Kanga akachota, Nguchiro akauza. Kata kwa kata, kata kwa kata, sufuria ikaanza kulia chini. Mwalimu Mbuni akanywa, akalipa kama watu wengine, akanywa tena. Uchachu wake kidogo ulimfaa, akasema. Akatazama foleni, na foleni ilikuwa mbali vya kutosha akaiona vizuri. Nguchiro akafaulu. Kanga akafaulu. Kiboko akaambiwa arudie somo mwakani, na huko atapangiwa mwenyekiti.

Jioni wawili walikaa kwenye kimbwete wakikausha sufuria. Kanga akapangusa mahali palepale mara tatu.

"Dada Nguchiro."

"Naam."

"Mimi, tangu tuanze hii kazi. Umeniambia ukweli?"

"Wewe? Siku zote, mdogo wangu. Neno kwa neno."

Kanga akamtazama kwa jicho la pembeni. "Ndiyo maana nauliza," akasema, na akasogea mpaka mwisho wa kimbwete.

Sasa fundisho, maana najua mmekaa hapa kwa ajili ya fundisho, si kwa ajili ya togwa. Fundisho ni heshima kwa viongozi. Mkipangwa kundi moja na mkubwa, msimnyime kitu. Akitaka kazi yote iwe yake, mpeni. Akitaka sifa zote, mpeni. Akitaka vibuyu vyote na kamba zake, mpeni, tena mwambieni ukweli kwa adabu, mumsihi na kumsihi. Kisha rudini nyuma kidogo.

Nami hapo nimeimimina yote. Imewakolea?

— Imetukolea.

Basi kunyweni, vyombo osheni wenyewe.

— Tutaosha kesho.

Nilijua.